Ofisi ya walimu imehamia kwenye simu, na mlango umeachwa wazi

Ofisi ya walimu imehama. Wengi wetu tunaikumbuka ilivyokuwa: chumba chenye meza ndefu, marundo ya madaftari yanayosubiri kusahihishwa, ratiba iliyobandikwa ukutani na, nje ya dirisha, rimu kuukuu la gari linalogongwa kuwaita watoto. Humo ndani mwalimu aliyetoka chuoni juzi alimwuliza mkongwe, kwa sauti ya chini, namna ya kuwafanya watoto wa darasa la tatu waelewe sehemu. Mkongwe hakumpa hotuba. Alichukua chungwa, akalikata katikati, akaikata nusu tena, akamwekea kijana robo moja mkononi. Kesho yake, kabla hata ya chai ya saa nne, alimwuliza: "Vipi jana, walielewa?"

Leo swali lile la sehemu linaulizwa kwenye kundi sogozi la WhatsApp. Mwalimu aliye Nkasi anaandika saa mbili usiku, na kabla hajaiweka simu kwenye chaji amekwisha kujibiwa na mwenzake wa Lindi, wa Kahama na wa Pemba. Mmoja amemtumia picha ya ubao wake, mwingine video fupi, wa tatu andalio zima la somo. Hakuna aliyesafiri, hakuna posho iliyolipwa, hakuna barua ya mwaliko iliyosubiri sahihi. Hii ni neema ambayo walimu wa kizazi kilichopita hawakuiota.

Lakini ofisi ile ya zamani ilikuwa na mkongwe mwenye chungwa, mwalimu mkuu mwenye dhamana, na mlango wenye kufuli. Hii mpya ina maelfu ya watu na mlango wake haufungwi. Anayeingia hajulikani, anachouza hakikaguliwi, na picha za watoto zilizotundikwa ukutani zinaonwa na kila mpita njia. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na gazeti hili leo linaipiga mbiu hiyo: tumeiacha taaluma ya ualimu ijifunzie mahali pasipo na mwenye dhamana, na wanaoanza kulipa gharama ni watoto.

Walimu hawakwenda huko kwa anasa

Tuanze kwa kuwatendea haki walimu. Hawakuikimbilia mitandao ya kijamii kwa uvivu wala kwa kupenda makuu. Januari 2024 utekelezaji wa mitaala iliyoboreshwa ulianza Tanzania Bara, kwa kuanzia na elimu ya awali, darasa la kwanza, darasa la tatu na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali. Mihtasari ilibadilika, na maandalio yakalazimika kubadilika nayo. Semina hufuata kalenda ya bajeti. Darasa hufuata kengele. Mwalimu aliyesimama mbele ya watoto wiki ya kwanza ya muhula hakuweza kuwaambia wasubiri mpaka aitwe kwenye mafunzo. Akafungua simu.

Wenzetu wa Kenya waliipita njia hiyo mapema zaidi, mtaala wa umilisi ulipoingia madarasa ya chini Januari 2019. Kisha ikaja Machi 2020. Shule zilipofungwa kwa sababu ya Uviko-19, makundi ya WhatsApp yaliyokuwa ya kukumbushana michango na vikao yakageuka madarasa. Tanzania ilifungua shule zote mwishoni mwa Juni mwaka ule, Kenya ikakamilisha Januari 2021, lakini makundi hayakuvunjwa. Yalikuwa yamekwisha kuwa mazoea.

Serikali nayo imesukuma gurudumu hilo. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kwa jina la MEWAKA, umeanzisha jumuiya za ujifunzaji shuleni. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada na mfumo wa walimu kujifunzia mtandaoni. Hatua hizi ni njema na tunazipongeza. Tatizo ni kwamba mfumo rasmi umekaa upande mmoja na mazungumzo ya kweli ya walimu yamekaa upande mwingine. Mfumo rasmi mwalimu huufungua anapotakiwa kufanya hivyo. Kundi hulifungua kila jioni kwa hiari yake. Penye hiari ndipo mtu anapojifunza, na hapo ndipo dola haipo.

Wala asidhani mtu kwamba mafunzo haya ya jioni ni ya bure. Mwaka 2021 walimu wengi wa Kenya walipaza sauti walipoambiwa kwamba mafunzo mapya ya lazima ya kuendeleza taaluma yangewagharimu shilingi 6,000 za nchi hiyo kwa mwaka, kutoka mifukoni mwao. Walikuwa na haki ya kuhoji. Lakini kila mwalimu wa Afrika Mashariki anayejifunza kwa simu tayari analipa ada, nayo inaitwa bando. Anainunua kwa mshahara uleule unaolipa pango, nauli na ada ya mwanawe. Mwajiri anavuna mwalimu aliyeongeza ujuzi bila kutoa hata senti moja, kisha anashangaa kwamba hana sauti juu ya alichojifunza.

Neema tumeiona kwa macho

Wapo watakaosema dawa ni kuwafukuza walimu mtandaoni. Hatukubaliani nao, na ushahidi hauko upande wao.

Februari 2018 mwalimu wa Ghana, Richard Appiah Akoto, anayejulikana kwa jina la Owura Kwadwo Hottish, aliweka kwenye Facebook picha zake akichora ubaoni kwa chaki za rangi ukurasa mzima wa programu ya Microsoft Word, kila kitufe mahali pake. Shule yake haikuwa na kompyuta, ilhali wanafunzi wake walitakiwa kufanya mtihani wa taifa wa somo la teknolojia ya habari. Picha zikaizunguka dunia. Mwezi uliofuata alikuwa Singapore kwenye mkutano wa walimu ulioandaliwa na Microsoft, na misaada ya kompyuta ikaanza kufika shuleni kwake. Barua ngapi za maombi zingefanya kazi hiyo?

Mwaka mmoja baadaye, Machi 2019, Bruda Peter Tabichi wa Shule ya Sekondari ya Keriko, Njoro, alitunukiwa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora wa dunia. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha. Alichokifanya kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukifanya: alikwenda kwenye vibanda vya intaneti, akapakua alichokihitaji, akarudi nacho darasani kwa wanafunzi wasio na mtandao. Hakuwatuma watoto mtandaoni. Alikwenda yeye, akachambua, akawaletea kilichofaa.

Na katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, walimu zaidi ya 100 ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga chuo cha ualimu walisaidiwa na mradi wa Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia. Mradi ule ulitumia WhatsApp, lakini haukuanza nayo. Kwanza palikuwa na mafunzo ya ana kwa ana. Pili palikuwa na walimu wenzao waliofundishwa kuwa walezi, wakiingia madarasani kutazama na kushauri. Kundi la simu lilikuja la tatu, likawaunganisha na walimu washauri wa nchi nyingine, ili mazungumzo yaliyokwisha kuanza yasife mtu akirudi kwenye turubai lake. Mpangilio huo una somo kubwa kuliko programu yoyote ya simu.

Tuliwahi kujua namna ya kufanya

Somo hilo si geni kwetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kwa wiki 12. Redio ile haikuachwa ifanye kazi peke yake. Viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000 walifundishwa kwanza. Vikundi vilipewa kitabu kilichoandikwa kwa lugha nyepesi. Na kila kipindi kilipokwisha watu walijadiliana, wakaamua, kisha wakashika majembe: wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi.

Mwaka uliofuata, Azimio la Musoma lilipoharakisha elimu ya msingi kwa wote na walimu wakawa hawatoshi, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu wakiwa kazini, vijijini kwao, kwa redio, kwa masomo yaliyotumwa kwa posta na kwa wasimamizi waliokuwa wakiwatembelea. Makumi ya maelfu walipata ualimu kwa njia hiyo. Mpango ule ulilalamikiwa, hasa kwa ubora, na malalamiko mengine yalikuwa ya haki. Lakini hakuna kiongozi wa wakati ule aliyedhani kwamba kumpa mtu redio ni kumpa mwalimu.

Vikundi vile vilikuwa na vitu vitatu: kiongozi aliyefunzwa, maandiko ya kuaminika, na kitendo kinachofuatiliwa. Makundi sogozi ya walimu wa leo yana chombo bora mara mia kuliko redio ya mkulima, na mara nyingi hayana hata kimoja kati ya vitu hivyo. Kiongozi ni admini, na sifa yake pekee ni kwamba aliwahi kulifungua kundi. Maandiko ni chochote kilichofowadiwa. Na kitendo hakiulizwi, kwa kuwa kabla mtu hajauliza, jumbe nyingine 80 zimeingia.

Soko la maandalio

Ingia kwenye kundi kubwa la walimu mwanzoni mwa muhula. Hutakaa muda mrefu kabla ya kukutana na tangazo: maazimio ya kazi ya mwaka mzima, maandalio ya vipindi vyote, mitihani pamoja na majibu yake, lipia kwa simu utumiwe faili. Muuzaji hajawahi kuliona darasa lako. Hajui kama una watoto 40 au 120, kama nyumbani wanazungumza Kiswahili au Kisukuma, kama mvua ikipiga bati unalazimika kufundisha kwa ishara.

Andalio la somo si fomu ya kumridhisha mthibiti ubora. Ni mahali ambapo mwalimu hufikiri: watoto wangu wamekwama wapi, nianze na nini, nitajuaje kwamba wameelewa? Anayenunua andalio amelipia karatasi na kuiachia fikra yake. Na pale faili linapokuja hata sehemu ya tathmini, ile inayopaswa kuandikwa baada ya kipindi, imekwisha kujazwa kwamba wanafunzi wengi wameelewa, hapo tumefika pabaya. Jibu la swali la mkongwe limeandikwa kabla somo halijafundishwa, na mtu ambaye hakuwapo.

Katika ofisi ya zamani kosa la mwalimu lilikufa na darasa moja. Katika ofisi mpya kosa lina mabawa. Maana potofu ya istilahi ya sayansi, ngeli iliyokosewa, tarehe ya historia iliyobuniwa, vyote vikiingia kwenye faili moja linalopendwa vinaweza kulala katika madaftari ya watoto wa mikoa kumi kabla ya mwezi kwisha. Sasa akili mnemba inaweza kuandika maandalio ya muhula mzima kwa dakika chache, kwa lugha safi inayoficha makosa, na kasi hiyo itazidi.

Tuseme pia ukweli usiopendeza: mfumo wetu wenyewe ndio uliolizaa soko hili. Ukaguzi unaohesabu karatasi huzaa wauza karatasi. Mwalimu mwenye vipindi lukuki na madarasa yaliyofurika, anayejua kwamba ataulizwa kuhusu faili kabla ya kuulizwa kuhusu watoto, atanunua faili. Tukimlaumu yeye peke yake tutakuwa tumemwonea.

Sura za watoto si mapambo

Kuna jambo zito zaidi. Kila siku mwanafunzi fulani anarushwa mtandaoni na mtu aliyekabidhiwa kumlinda. Anaonekana akilia siku ya kwanza ya shule, akikosea kusoma, akicheza muziki mbele ya darasa ili mwalimu apate wafuasi TikTok. Karatasi yake ya mtihani, jina na yote, inapigwa picha na kuwekwa kwenye statasi kwa sababu jibu lake limewachekesha wakubwa. Mtoto aliyeandika jibu lile alikuwa akijaribu. Alimwamini aliyekuwa akisahihisha. Picha ile itakuwapo akiwa kidato cha nne, itakuwapo akiomba kazi, na hakuna ajuaye nani ameihifadhi wala kwa nia gani.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, na Septemba 2023 kamishna wa ulinzi wa data aliitoza shule moja ya eneo la Uthiru faini ya shilingi za Kenya milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Walimu wangapi wa upande huu wa mpaka wamewahi kuambiwa habari hiyo? Wangapi wanajua kwamba ridhaa ya mzazi haipatikani kwa kukaa kwake kimya?

Na liko lile ambalo ofisi nyingi huona aibu kulitaja. Mwalimu anapowasiliana na mwanafunzi mmoja faraghani, usiku, kwa ujumbe unaofutika wenyewe, mipaka ya kazi imevunjwa hata kama kilichoanza ni swali la Hisabati. Mwalimu mwema anajiweka katika hatari ya kushukiwa. Mwalimu mbaya anapata kichaka. Katika hali zote mbili mtoto ndiye asiye na kinga. Shule haimruhusu mwalimu kumwita mwanafunzi chumbani kwake saa nne usiku. Kwa nini ujumbe wa saa nne usiku uwe jambo la kawaida?

Kufunga mlango si kulinda nyumba

Mamlaka zetu mara nyingi huukumbuka mtandao kunapotokea kashfa, na jibu la kwanza huwa ni kuzima. Kenya, mitihani ya kidato cha nne ilipokuwa ikiuzwa, ya kweli na ya uongo, kwenye chaneli za Telegram, mamlaka ya mawasiliano iliamuru mwaka 2024 mtandao huo uzuiwe saa za mitihani. Wadanganyifu waliudhika kwa saa chache. Kundi la walimu wa Kemia waliokuwa wakisaidiana humohumo, nalo lingezimwa pamoja nao. Tanzania, mtandao wa X ulizuiwa Mei 2025, na Oktoba mwaka huohuo, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Hapa hatujadili siasa za maamuzi hayo. Tunasema jambo moja la kitaaluma: mwalimu aliyeweka zana zake zote, mawasiliano yake yote na kumbukumbu zake zote kwenye mtandao wa kampuni ya ng'ambo, aliamka bila ofisi. Taaluma inayotegemea chombo isichokimiliki inahitaji nakala mahali pengine.

Zaidi ya hayo, mtandao huohuo umewahi kuwaokoa watoto. Oktoba 2016 video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi katika shule moja ya sekondari ya mjini Mbeya ilisambaa nchini, na kwa sababu hiyo waliohusika waliondolewa vyuoni. Bila simu ile, kipigo kile kingeishia ndani ya kuta nne. Lakini tukumbuke upande wa pili: ili mtoto yule apate haki, ilibidi nchi nzima imtazame akipigwa. Mfumo wenye njia salama ya kutoa taarifa ungempa haki bila kumfanya tamasha.

Upo pia woga unaouma kimyakimya. Katika makundi mengi rasmi, ofisa elimu yumo, mwalimu mkuu yumo, na mwalimu wa kawaida anajua kwamba swali likisomeka kama lawama linaweza kumfuata mpaka kwenye uhamisho. Basi kundi rasmi linajaa "Asante kiongozi" na "Limepokelewa", na maswali ya kweli yanahamia kwenye makundi ya pembeni, ambako matapeli wa ajira, nyaraka feki za kupanda madaraja na wauza mitihani wanawasubiri. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tumewafundisha walimu wetu kutouliza mbele ya wenye majibu.

Tunachodai

Kwanza, Wizara ya Elimu, TAMISEMI na Taasisi ya Elimu Tanzania wayatambue makundi ya walimu kuwa sehemu ya MEWAKA, badala ya kujifanya hayapo. Kila jumuiya ya ujifunzaji ya shule au kata iwe na kiongozi wa kitaaluma aliyefunzwa kazi hiyo, mwalimu anayefundisha, si ofisa wa nidhamu. Kazi yake iwe kuuliza, kusahihisha kosa kabla halijasambaa, na kurudisha mazungumzo kwenye darasa. Saa anazozitumia zihesabiwe kuwa kazi, na mchango wa mwalimu katika kundi uhesabiwe katika kukua kwake kitaaluma.

Pili, Taasisi ya Elimu Tanzania iwe mshiriki wa mazungumzo hayo kila siku. Mwalimu anapouliza kuhusu umahiri mpya, jibu la wakuza mitaala lifike pale alipoulizia, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ndani ya siku moja au mbili. Penye jibu la kuaminika, soko la faili hupungua lenyewe.

Tatu, Tume ya Utumishi wa Walimu, kwa kushirikiana na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, itoe mwongozo mfupi unaoweza kubandikwa ukutani. Picha au kazi ya mwanafunzi isirushwe bila ridhaa ya maandishi ya mzazi, na yenye kumdhalilisha isirushwe hata kwa ridhaa. Mawasiliano na wanafunzi yawe katika kundi lenye mzazi au mwalimu wa pili, na yawe na saa zake. Biashara ya mitihani iwe kosa la kinidhamu. Na katika mwongozo huohuo iandikwe wazi kwamba mwalimu hataadhibiwa kwa kuuliza swali la kitaaluma wala kwa kueleza kwa ukweli upungufu wa darasa lake. Mwongozo wenye makatazo tu utawarudisha walimu kwenye makundi ya pembeni.

Nne, Serikali na kampuni za simu wakae mezani ili maktaba mtandao na mfumo wa kujifunzia wa walimu vifunguke bila kula bando. Askari hanunui risasi zake. Mwalimu naye asilipie chaki ya zama hizi. Na kwa shule zisizo na mtandao wala umeme, vituo vya walimu vya kata vifufuliwe viwe mahali pa kupakua, kuchapa na kubeba, kama Tabichi alivyofanya kwa miguu yake mwenyewe.

Tano, vyuo vya ualimu vifundishe ustadi huu kabla mwalimu hajaajiriwa: namna ya kupima kama faili ni la kweli, namna ya kurekebisha andalio la mwenzako lifae darasa lako, namna ya kuuliza swali linalojibika, namna ya kumlinda mtoto mbele ya kamera. Na uthibiti ubora uache kuhesabu karatasi. Mthibiti akae nyuma ya darasa, atazame watoto, kisha azungumze na mwalimu.

Sita, walimu wenyewe. Hakuna waraka utakaofanya kazi ya dhamira. Penye wengi pana mengi, na kila kundi lina watu wachache wenye heshima ambao neno lao linasikilizwa. Tunawaomba wasikae kimya. Anayeweka karatasi ya mtoto ili achekwe, aambiwe aiondoe. Anayeuza mtihani, atolewe. Anayeuliza swali dogo, asidharauliwe. Chama cha walimu kinachopigania mishahara kipiganie na heshima ya chumba hiki kipya, kwa kuwa heshima ya taaluma ikipotea mtandaoni hairudishwi na nyongeza ya mshahara.

Wazazi nao waulize, bila ugomvi: picha ya mwanangu iko wapi, nani anaiona, kundi la darasa lina nani ndani? Mzazi anayeuliza anamsaidia mwalimu mwema kuliko anavyodhani.

Tunasema haya kwa haraka kwa sababu muda si mwingi. Mitaala mipya inapanda ngazi mwaka hadi mwaka, na kila mwaka walimu wengine wanaingia mtandaoni kutafuta cha kufundisha kesho. Mazoea yanayojengwa sasa katika makundi hayo ndiyo yatakayokuwa desturi ya ualimu kwa miaka ishirini ijayo. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na safari hii methali ina maana yake kamili: aliye hatarini ni mwana.

Simu inaweza kumletea mwalimu wa Nkasi picha ya chungwa lililokatwa robo nne, nzuri kuliko chungwa lolote la ofisi ya zamani. Isichoweza kumletea, tusipomweka mtu wa kazi hiyo, ni yule mkongwe wa kesho yake asubuhi. Kila kundi la walimu nchini litafutiwe mtu wake wa kuuliza, apewe mafunzo, muda na heshima anayostahili. Swali lake ni lilelile: "Vipi jana, walielewa?"